Birika la Mwalimu Ngwali

Ukifika mpakani mwa Jamhuri ya Mbelembele, askari hawatakuuliza kama umebeba bunduki. Bunduki ni mambo yako na Mungu wako. Watakuuliza kama umebeba birika. Ukiwa nalo, hata liwe la kuchemshia chai ya mgonjwa, litafungwa utepe mwekundu na kuwekwa stoo mpaka siku utakapoondoka. Nakushauri usibishane nao. Wapo waliobisha, na hadi leo wako hapo hapo mpakani wanabisha, wengine wameshaoa huko huko.

Maadui wa Mbelembele husema sheria hiyo ni ya kipuuzi. Si kweli. Mbelembele hakuna sheria ya kipuuzi, kila sheria ina kamati yake. Hii ya birika ilitungwa kwa sababu ya mtu mmoja mrefu, mpole, mwenye kikohozi, aliyeitwa Mwalimu Ngwali. Hakutaka kuipindua serikali, maskini. Alitaka mtu wa kula naye.

*

Ngwali alifundisha Chuo cha Upokezi tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Waliokwenda kufanya kazi mahotelini, hospitalini na maofisini walipita kwanza mikononi mwake, akawafundisha namna ya kumpokea mtu: wapi umkalishe, umwulize nini, unyamaze lini. Mkewe alikufa mapema, akamwachia binti mmoja, Kidawa. Ngwali alimlea peke yake, akajifunza kusuka nywele, akajifunza kupika wali wa nazi, na kila siku baba na binti waligombania ukoko wa chini ya sufuria. Kidawa alikuwa mshindi, kwa kuwa baba mtu alijua kushindwa.

Somo lake kuu lilikuwa la kukaribisha chakula. Karibu ya kwanza, aliwaambia wanafunzi, ni salamu tu. Mtu mwenye adabu zake hujibu, "Asante, endelea tu," wala hakuna anayekasirika. Karibu ya pili ndiyo yenyewe, na hiyo haisemwi kwa mdomo. Mwenyeji huinuka, hushika birika kwa mkono mmoja na beseni kwa mkono mwingine, akammiminia mgeni maji mikononi.

"Mikono ikishalowa," alisema Ngwali, "mtu hana tena pa kukimbilia. Atakaa, hata kama alikuwa anakwenda kuoa."

Wanafunzi walicheka, wakafaulu, wakaajiriwa. Nchi ikaendelea hivyo bila kujua kwamba imebaki nyuma.

*

Aliyeigutusha nchi ni Mheshimiwa Pazi Lukanda, Waziri wa Nguvukazi na Mambo Yanayoonekana. Mheshimiwa alikuwa amerudi kutoka safari ya ng'ambo na miwani mikubwa kama kasa amemlalia usoni. Aliivaa uwanja wa ndege, akaivaa ndani ya gari, akapanda nayo jukwaani akiwa ameupa umma mgongo.

"Ndugu wananchi," aliwaambia wasaidizi wake waliokuwa nyuma ya jukwaa, "dunia imeingia kwenye akili mnemba na uhalisia pepe. Sisi Mbelembele hatutaingia. Sisi tutatangulia, dunia itukute huko. Kuanzia leo hakuna kijana atakayejifunza kazi kwa kuishika. Kazi inachafua. Kijana atavaa miwani, mwalimu wa akili mnemba atamtokea ndani yake, atamfundisha useremala pasipo mbao, uuguzi pasipo wagonjwa, na uvuvi pasipo kulowa."

Wananchi walipiga makofi mpaka akageuka.

Ikabaki kazi ya kutafuta sura na sauti ya huyo mwalimu. Walianza na sura ya Mheshimiwa mwenyewe, kama ilivyo haki, ila majaribio hayakwenda vizuri: kila mwanafunzi aliyeiona alisimama, akapiga makofi mpaka kipindi kikaisha. Kamati ikatafuta sura isiyo na cheo wala adui. Wakamleta Ngwali.

Walimfungia kwenye chumba chenye baridi kali, yeye na fundi mmoja kijana aitwaye Sudi na wenzake wa mitambo. Ngwali alisomewa maneno naye akayasema: namna ya kushika randa, kuchoma sindano, kukanyaga breki, kukamata mwizi. Vitu vingine hakuwahi kuviona maishani mwake, lakini aliambiwa jambo la muhimu ni uso wake wa kuaminika. Ilipofika adhuhuri alifungua hotpoti yake ya wali, na kwa kuwa mazoea yana tabu, akasema, "Karibuni chakula, wanangu."

"Asante, Mwalimu, endelea tu," wakajibu macho yakiwa kwenye skrini.

Ngwali akainuka na birika alilokuja nalo. Wakaruka kama wameona nyoka. Sudi alimshika mkono kwa heshima zote. "Samahani sana, Mwalimu. Maji hayaruhusiwi karibu na mitambo."

Basi akalitoa birika nje, akarudi, akala peke yake huku wao wamesimama ukutani wakimsubiri amalize. Ikawa hivyo kila siku. Nao mtambo ulikuwa haujazimwa, kwa sababu kuuzima kulihitaji kibali cha wizara mbili zisizosalimiana, kwa hiyo uliyameza na hayo pia. Sasa akili mnemba ni mwanafunzi mtiifu mno, hujifunza ulichomwonyesha. Ilijifunza kwamba mtu akikukaribisha chakula unakataa, unasogea ukutani, unasimama wima mpaka amalize peke yake. Ikaliweka hilo kwenye mafunzo ya kila fani, sehemu ya nidhamu ya kazi.

Kazi ilipokwisha Ngwali alipewa fulana na cheti cha shukrani, kisha akastaafishwa. Waliomweleza walikuwa wapole. Walisema nafasi ya Mwalimu Ngwali imeshajazwa na Mwalimu Ngwali, na sheria hairuhusu watu wawili kwenye kiti kimoja.

*

Mafanikio yalikuja kwa kasi. Mbelembele ikapata maseremala wasiowahi kuchomwa na kibanzi. Waashi walijenga ndani ya miwani majumba yaliyogusa mawingu, na nje ya miwani daraja la mto likaendelea kuwa gogo. Ukosefu wa ajira ukatoweka kabisa, kwa kuwa mtu aliye mafunzoni hahesabiwi kuwa hana kazi, na hakuna aliyetoka mafunzoni. Ukimaliza kozi unaanza nyingine, maana dunia inabadilika.

Kidawa naye alikwenda. Alichaguliwa kusomea uuguzi kwenye Kambi Kuu ya Miwani, huko makao makuu. Alimwahidi baba yake kwamba atakuja kula nyumbani kila Jumamosi, na mwanzoni alikuja kweli. Halafu akawa anakuja akiwa na haraka. Halafu akawa anapiga simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Jumamosi hii unakuja?"

"Lakini Baba, si asubuhi tumekaa pamoja? Tena muda mrefu tu."

"Umekaa na nani?"

"Na wewe."

"Yule si mimi, mwanangu."

"Ni wewe, Baba. Uso wako, sauti yako, na kile kicheko chako. Tena kule hukohoi." Kidawa alisema hivyo kwa furaha, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwambia mwenzake amepona.

Ngwali akaitoa simu sikioni, akaiweka mbali, ndipo akakohoa.

Kupika kwa ajili ya mtu mmoja hakujua. Sufuria lake lilizoea kipimo kimoja, na mkono wake ulizoea sahani mbili. Alijaribu kukaa mlangoni na chakula chake, kama walivyofanya wazee wake, ili yeyote apitaye amkaribishe. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Wakapita wageni. Alipita jirani yake Mama Subira, aliyekuwa amehitimu ushonaji, miwani ikimning'inia shingoni.

"Karibu chakula, Mama Subira."

"Asante, Mwalimu, endelea tu," akasema, akasogea kwenye ukuta, akasimama wima. Nyuma yake akaja muuza mkaa, akakaribishwa, akasimama. Akaja mwenye baiskeli, akaja bwana afya, wote wakajipanga ukutani kimya wakimwangalia Ngwali anavyotafuna. Aliposhika birika walirudi nyuma kwa pamoja, wakafunika miwani yao kwa viganja. Hakuna upweke unaozidi ule wa kutazamwa na mtaa mzima huku unakula peke yako, na mimi nasema hivyo nikiwa na uhakika, mbishi aje tubishane. Tangu siku hiyo Ngwali alikula ndani, mlango umefungwa, asiicheleweshe nchi.

*

Huenda mambo yangebaki hivyo kama si ile dhifa ya taifa.

Mheshimiwa Pazi alialika wageni kutoka nchi za nje waje waone taifa lililofunzwa lote. Ukumbi ulijaa wahitimu, meza zikajaa masinia, kuku walichomwa hadi majirani wa ikulu wakashindwa kulala. Mheshimiwa akahutubia mpaka vyakula vikapoa. Mwishoni akafungua mikono na kusema, "Karibuni chakula."

"Asante, Mheshimiwa, endelea tu," ukaitikia ukumbi mzima, na watu wote wakaenda ukutani.

Mheshimiwa aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Yeye mwenyewe alikuwa mhitimu nambari moja, alijua kanuni inavyosema: aliyekaribisha huendelea, na hakuna anayekaa kabla chakula hakijaisha. Akaanza kula. Wageni wa nje walidhani ni mila takatifu, wakasimama nao, mmoja akatoa machozi. Mheshimiwa alikula kwa uzalendo mkubwa. Alipofika sinia la tatu alianguka, akabebwa kupelekwa hospitali, ambako wauguzi wahitimu walimchoma sindano nyingi sana hewani, pembeni yake.

Alipopata nafuu akaunda tume. Tume ilizunguka nchi nzima na kugundua kwamba kuna kitu kinaitwa karibu ya pili, na kwamba mwenye nacho ni mtu mmoja. Sudi akatumwa.

*

Ngwali aliposikia gari linasimama mlangoni kwake, aliinuka upesi. Alikuwa amepewa taarifa, alipika tangu asubuhi, alitandika mkeka, akaweka sahani mbili na birika jipya la bati.

"Hodi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu Sudi. Karibu, pita ndani."

Sudi alifunga mitambo yake, akaelekeza kipaza sauti. "Haya, Mwalimu. Sema ile karibu ya pili."

"Haisemwi, mwanangu. Inamiminwa."

"Naelewa, Mwalimu, lakini maji, unajua tena. Wewe isemee tu. Kwa kifupi."

Ngwali aliitazama ile sahani ya pili. Alijaribu kutafuta maneno ya darasani, hayakuja. Yakaja mengine. "Njoo ule nami, mwanangu," akasema. "Nimechoka kula peke yangu."

Sudi alipangusa macho kwa mkono wa shati. "Safi sana, Mwalimu. Imetoka moyoni kabisa. Tuirudie tu bila kikohozi."

Ngwali akairudia bila kikohozi. Halafu akasema, "Sasa tule, mwanangu. Wali una moto."

"Asante, Mwalimu, endelea tu," alijibu Sudi, akasogea ukutani na mtambo wake kifuani, akasimama wima.

Ngwali alikaa kidogo mbele ya wali, kisha akamwambia kijana wa watu kwamba ameshamaliza, aende zake. Hakuwa ameonja.

Maneno yale yaliingizwa kwenye miwani yote ya nchi. Magazeti yaliandika kuwa Mbelembele ni nchi ya kwanza duniani kuukamilisha ukarimu. Na jioni moja Kidawa akapiga simu, sauti imejaa machozi ya furaha.

"Baba, leo umenikaribisha mara mbili. Nikakaa, nikala nawe mpaka nikashiba."

"Umekula nini?"

"Wali wa nazi."

"Ulikuwa na ukoko?"

Kidawa alifikiri. "Hapana. Kule sufuria halina chini."

"Njoo Jumamosi, mama. Nitakuwekea."

"Baba jamani, si tumeshakula pamoja? Sasa nije kufanya nini tena?"

Sitakudanganya kwamba Ngwali alikuwa shujaa. Neno lile lilimuuma, akalia kama mtoto, simu ikiwa bado mkononi. Ukinyang'anywa mwanao na mtu mwingine utamchukia huyo mtu. Ngwali alinyang'anywa na uso wake mwenyewe, atamchukia nani?

*

Jumamosi ilipofika alipika. Akajaza hotpoti, akafunga ukoko kwenye jani la mgomba, akachukua birika na beseni dogo, akapanda juu ya lori la mchele hadi makao makuu.

Walinzi wa Kambi Kuu walipomwona walikakamaa. "Mwalimu," akauliza mkubwa wao, "umetoka kwenye miwani?"

"Sijawahi kuingia."

Wakamtafuta kwenye mtambo. Mtambo ukasema Mwalimu Ngwali yuko ndani, wakati huo anafundisha wachomeleaji. Basi huyu wa nje hakuwa na rekodi, na mtu asiye na rekodi hawezi kuzuiwa, kwa kuwa hakuna pa kuandika kwamba amezuiwa. Akapita na birika lake.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kama uwanja wa mpira. Vijana walikaa safu kwa safu, miwani usoni, mikono ikipapasa hewa, midomo ikitabasamu ukutani. Kila upande alisikia, "Ndiyo, Mwalimu," "Nimeelewa, Mwalimu," "Asante, Mwalimu." Umati wote ule ulikuwa unazungumza naye, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba amefika. Alitembea katikati yao akijisogeza pembeni ili asigongwe na nyundo zisizokuwepo.

Alimtambua Kidawa kwa ukaaji wake, mguu mmoja ameukalia, kama alivyokaa jikoni tangu utotoni. Alikuwa anaifunga hewa bandeji.

"Kidawa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ni mimi, baba yako."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, akitabasamu upande mwingine.

Ngwali akakohoa. Hakukusudia, ni vumbi la lori. Mikono ya Kidawa ikasimama.

"Mwalimu," alisema polepole, "una hitilafu."

Ngwali alichuchumaa, akaweka beseni sakafuni, akaishika ile mikono, akaivuta juu ya beseni. Kisha akamimina. Kidawa alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Lakini mikono ina kumbukumbu zake. Mmoja ulimtafuta mwenzake, ikasuguana, ikapita katikati ya vidole, kila kimoja, vile alivyofundishwa akiwa na umri wa kukalia kigoda. Maji yalipokwisha akaikung'uta, ndipo kwa mikono ile ile iliyolowa akaivua miwani.

Alimwangalia aliyechuchumaa mbele yake. Alimwangalia sana.

"Baba," akasema, "mbona umezeeka?"

"Nilikuwa nakusubiri, mama. Kaa, chakula kinapoa."

Akafungua hotpoti. Kidawa alianza kusema, "Asante, ende..." akaliacha neno njiani, akashuka sakafuni.

Hawakuwa wamekula tonge nyingi king'ora kilipolia. Walinzi waliingia mbio, mkubwa wao mbele. Walisema maji yameingizwa karibu na mitambo, kwamba hilo ni kosa dhidi ya taifa, na kwamba mzee huyu atatolewa sasa hivi na birika lake litafungwa utepe. Hiyo ndiyo siku sheria ya birika ilipozaliwa.

Ngwali aliinua macho. Tonge lilikuwa mkononi, na mtu mwenye adabu hawezi kuwatazama watu waliosimama huku anakula asiseme neno.

"Karibuni chakula, wanangu," akasema.

"Asante, Mwalimu, endelea tu," wakaitikia wote kwa sauti moja.

Mkubwa wao aliuma midomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka na mafunzo ni mafunzo. Wakasogea ukutani. Wakasimama wima, pingu mikononi, wakisubiri amalize.

Kidawa aliwatazama walinzi, akatazama ndani ya hotpoti. "Baba, kikiisha itakuwaje?"

"Kikiisha watanitoa."

"Na mimi?"

"Wewe watakurudishia miwani."

Kidawa alichukua wali kidogo sana, punje chache, akazitafuna taratibu, akamsogelea baba yake hadi mabega yakagusana. Ngwali naye akachukua punje chache. Ukoko wakauacha pale kwenye jani uwe wa mwisho, kwa kuwa ukoko ni mgumu, na hutafunwa kwa muda mrefu.